Lori Tupu la Ngiri

Zamani barabara ilipokuwa na mizani, na mizani ikiwa na Kobe mpimaji, Ngiri alipita kwa kuhonga viazi ili lori lake lisipimwe. Siku moja alirudi bila mzigo, akapanda mizani kwa maringo.

Kobe akatazama mshale, shingo ikarudi gambani.

“Una mzigo, Bwana Ngiri.”

“Mzigo gani? Nimeshusha wote!”

“Basi shuka na wewe, ndugu yangu. Taratibu. Usigeuke nyuma.”

Ngiri akacheka. “Mzee, sema tu unataka viazi!” Akamrushia viwili, akaondoka. Nyuma yake turubai likapiga mwayo.

Jioni lori likarudi. Mzigo haukuwepo nyuma, wala Ngiri usukanini. Chui akatoa kiazi dirishani.

“Shikamoo, mzee. Ngiri alisema huu ndio utaratibu.”