Ushungi wa Singano

Zama hizo hospitali haikumpokea mtu bila kauli ya kioo cha nyumbani kwake. Kila asubuhi Singano, seremala wa Muheza, alisimama kifua wazi mbele ya kioo chake, uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, nacho kikamjibu kwa upole, "Mwanamume. Mzima. Kifua hakihusiki."

Siku ya tisa mkewe, Mwanaidi, akachoka kusikia. Akamfunga kanga zake, ushungi ukafunika ndevu.

"Watu watanicheka, mama Rehani."

"Wacheke. Mimi eda sikai."

Kioo kikamtazama kitambo. "Bi Mwanaidi, titi la kushoto lina dalili za saratani. Nenda hospitali leo."

Akaenda vile vile alivyovaa. Kwenye benchi la wanawake, mabibi watatu wenye mikono mipana wakasogea akae. Mmoja ndevu zilimchungulia kwenye kanga. Hawakutazamana.

"Bi Mwanaidi," nesi akaita.

Singano akasimama, akaufungua ushungi. "Naitwa Singano. Ni mwanamume, na titi langu linauma. Niandike hivyo."

Kalamu ya nesi ikasita. Nyuma ya Singano, pale benchini, kanga zikaanza kufunguliwa.