Taa Mpya ya Mzee Shembilu

Pikipiki ya Mzee Shembilu ilikuwa na umri wa heshima. Kuipita barabarani bila kuiamkia kulikuwa ni utovu wa adabu. Ila taa yake ilimwaibisha. Juzi alfajiri, akimpeleka mjukuu wake Mwanaidi shuleni, nusura waishie mtaroni. Mama wa mtoto akatamka wazi: taa isipopona, Mwanaidi hapandi tena.

Ndipo Fundi Hamduni akafunga balbu mpya, ya tatu wiki hiyo, na safari hii akabadilisha na betri, nyaya na kioo. Kisha, kama ilivyo desturi ya gereji yake, akafunga milango mchana kweupe ili taa ijaribiwe gizani.

"Haya, washa tuone," alisema Mzee Shembilu, kasimama mbele ya pikipiki kama mgeni rasmi.

Hamduni akabonyeza swichi. Wateja wawili wakaruka, wakajiziba nyuso.

"Lo! Fundi, hiyo taa au jua?"

"Hongera, babu! Sasa hata mashetani watakupisha njia."

Mzee Shembilu alicheka nao kwa adabu, huku akiusubiri mwanga. Mbele yake palikuwa na ukungu ule ule wa manjano aliouona juzi barabarani.

"Umeshawasha?"

"Imewaka, babu."

"Basi ongeza kidogo."

Hamduni aliitazama swichi, akazitazama nyaya. Hapakuwa na cha kuongeza. Wateja wakaacha kucheka.

Mzee akanyoosha mkono polepole, mpaka kiganja kikahisi joto. Ukutani nyuma yake, kivuli cha vidole vitano kilitanda hadi darini.