Linachemka Likisimama

"Ukiniambia tena limepona, nakupasua na hiyo spana."

"Limepona, dada."

"Wiki iliyopita lilipona. Wiki ya kabla yake lilipona. Mama ndiye haponi."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Dada yake alikuwa amesimama uani na viatu vya ofisini. Leo ameomba ruhusa kazini aende nao, maana hamwamini tena mdogo wake hata kwa ndoo ya maji.

Kila Alhamisi mama alitakiwa awe hospitali saa nne, atundikiwe dripu ya dawa kali. Amekosa mara mbili mfululizo. Daktari hakuzunguka: akikosa ya tatu, uvimbe utakuwa umeshatangulia, msihangaike tena kumleta.

Na mara zote mbili tatizo ni gari. Barabarani linakwenda safi, upepo unapiga rejeta, mshale wa joto umelala. Shida ni darajani, pale wanapojenga, ambapo magari yanapita kwa zamu na unaweza kusimama saa nzima. Hapo ndipo linachemka.

"Si tukodi teksi?" dada aliuliza.

"Muulize mwenyewe."

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mkoba mapajani, kofia ya sufi imefunika kichwa kisicho na unywele. "Magari ya watu yananitapisha," alisema. "Nitapanda la baba yenu."

"Mama, wewe unatapika hata ukikaa hapo hapo."

"Basi nitapike kwenye la kwangu."

Fundi alikuwa amemaliza vyote anavyovijua. Themostati mpya. Mfuniko wa rejeta mpya. Pampu ya maji kaifungua, nzima. Gari likichemka likiwa limesimama tu, mkosaji ni feni, hata aliyeanza gereji juzi anajua. Lakini jana aliliwasha hapo uani, akaliacha linaunguruma saa mbili bila kusogea. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka. Haikukosea hata mara moja. Akachomoa mpaka fyuzi inayoipa umeme, ile ya kijani, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, akaitazama juani. Nzima. Akairudisha. Mama ndiye aliyekuwa anampa vifaa. Miaka ishirini alimpa baba yao, naye alikuwa fundi. Ukimwomba spana namba kumi na mbili hakupi kumi na tatu.

"Kuna kibovu kinajificha," fundi alisema. "Kinatusubiri darajani."

"Kibovu ni wewe."

"Acheni kelele," mama alisema. "Nendeni mkajiandae. Maji ya rejeta nitaweka mimi."

Alikuwa anaweka mwenyewe kila safari. Ilikuwa kazi pekee ambayo ugonjwa ulikuwa bado haujamnyang'anya, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumkataza.

Saa tatu kasoro walikuwa darajani. Mbele yao magari yasiyopungua arobaini. Fundi alizima redio ili asikilize injini. Mshale ulikuwa katikati. Nyuma, dada alikuwa ameshika mkono wa mama na kuhesabu magari kimoyomoyo, midomo inacheza.

Mshale ukaanza kupanda.

"Usiseme," dada alisema.

Fundi alilisogeza gari pembeni, akalizima, akafungua boneti. Mvuke ukampiga usoni. Feni imetulia tuli, wala haikuwa imejaribu. Bado hakuweza kugusa kitu, ngozi ingebaki pale.

Alisubiri matusi. Hayakuja. Dada alichukua dumu kwenye buti akashuka nalo mtoni, analia bila kujifuta, na hilo lilimuuma fundi kuliko spana.

"Mfuate mwenzio," mama alisema. Alikuwa ameshuka, ameegemea mlango. "Dumu likijaa hatalimudu."

"Atalimudu."

"Mfuate, baba. Mimi nitabaki na gari, kama siku zote."

Fundi alipiga hatua mbili, akaangalia saa. Saa tatu kamili. Vidonge vya kuzuia kutapika vinamezwa saa moja kabla ya dripu. Labda bado watafika. Labda likipata maji litawaka na kuvuka, kama lilivyowaka, na feni ikazunguka, kila mara baada ya yeye kurudi kutoka mtoni, wakati zamu ya mama hospitali imeshapita. Akarudi, akanyoosha mkono kuchukua mkoba.

"Nitameza mwenyewe," mama alisema.

"Mikono inakutetemeka."

"Nimesema niachie."

Alikuwa ameshautoa mkononi mwake. Ndani kulikuwa na taulo la kutapikia, chupa ya maji na kile kiboksi cha dawa ambacho dada alikijaza kila Jumapili, vijumba saba, kila kimoja kimeandikwa siku yake. Alifungua cha Alhamisi.

Hakukuwa na kidonge. Kulikuwa na fyuzi ya kijani.

Alimtazama mama. Mama naye alimtazama, hakukwepa macho wala hakuomba radhi. Alikuwa amechoka tu.

Dada alikuwa anapanda ukingo na dumu lililojaa, anahema. Alilimudu. "Umeona ni nini?" alipaza sauti kabla hajafika.

Fundi alifunga kijumba cha Alhamisi mpaka kikalia, akarudisha kiboksi mkobani, akamkabidhi mama mkoba wake.

"Sijaona kitu," alisema. "Limekufa." Kisha akageuka, akaondoka kwenda kutafuta gari la kuwavuta kurudi nyumbani.