Chumba Kisicho na Dirisha

Sasa hiki ni chumba gani? Anselm aliweka mwiko chini, akatazama alichokuwa akikijenga. Kuta zake zilikuwa nene hata ndama angeweza kulala kwenye unene wake akanyoosha miguu. Dirisha hakuna. Mlango wa chuma ulikuja na lori kutoka stesheni ya Itigi, na wanaume walioushusha walikaa chini wakihema.

"Kwani humu atakaa nani, Daktari?"

Daktari Melkizedeki, msimamizi wa ujenzi pale chuo cha waganga wa hospitali, hakugeuka. "Wagonjwa."

"Wagonjwa gani hao wasiotaka hewa?"

"Wataingia mmoja mmoja, ndugu fundi. Tunamfungia, sisi tunabaki nje. Wewe jaza zege, usiache hata ufa."

Wee! Mtu mzima anaambiwa hivyo, naye ameze tu? Ule ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na Mzee Simoni, baba yake Anselm, alikuwa amekaa kitako kule Mgori. Hahami ng'o, labda wambebe pamoja na makaburi ya wazee wake. Katibu wa chama alishamwambia mbele za watu: "Wabishi kama wewe tunawaandalia mahali." Mahali penyewe si ndipo hapa?

Akamuuliza binti yake Yustina, aliyekuwa akisomea uuguzi chuoni hapohapo.

"Hata sisi hatujaambiwa vizuri, baba. Tumeambiwa tusubiri wataalamu kutoka Dar es Salaam."

Hawajaambiwa! Kumbe hata wanafunzi wanafichwa. Tangu siku hiyo, kila Anselm aliposhika mwiko, picha ilikuwa moja. Alimwona baba yake gizani, na kile kifua chake kibovu, akiita watu wasiomsikia. Na aliyemjengea ni nani? Mwanawe wa kumzaa. Ilimuuma, ilimuuma hasa.

Basi akaamua. Ukuta mmoja ulipakana na kachumba kadogo kenye dirisha la kuangalia vichakani. Hiyo ni stoo, alijiambia, askari hawezi kukaa stoo. Siku mvua ilipowakimbiza vibarua wote, yeye alibaki. Ndani ya mbao zilizokuwa zikisubiri zege la ukuta ule, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, alipanga matofali mabichi na udongo, kutoka upande huu hadi wa pili. Zege likamwagwa kuzunguka. Mbao zilipoondolewa, yeye ndiye aliyewahi kupiga lipu, udongo usionekane. Mzee akipata hata kijiko, atatoboa, atoke kwa dirisha la stoo, ashike njia ya Mgori.

Daktari alipita, akaugonga ukuta kwa kiganja. "Kazi safi, fundi."

"Asante, Daktari," Anselm akajibu kwa adabu, na moyoni anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Msomi mzima, kapigwa chenga ya mchana!

Siku ya ufunguzi Yustina, sasa muuguzi kamili, alikuja kumchukua. "Shikamoo baba. Twende ukaone kazi yako."

Mle chumbani hapakuwa na pingu wala mnyororo. Palikuwa na kitanda kimoja, na juu yake mashine kubwa ya chuma imeinamisha shingo. Daktari Melkizedeki alikuwa akiwaeleza wageni.

"Hii ni ya saratani. Ina miale isiyoonekana, inaua uvimbe. Lakini mtu asiye mgonjwa akipigwa nayo kila siku, inamla taratibu mpaka inamwua. Ndiyo maana tumejikinga kwa ukuta huu."

Yustina akamvuta baba yake mkono hadi kwenye kale kachumba kadogo. Palikuwa na meza na kiti kimoja.

"Wamenichagua mimi, baba! Mashine ikiwaka, mimi nitakuwa hapa, kila siku ya kazi."

Akavuta kiti, akaketi, akaegemeza mgongo ukutani, palepale baba yake alipopanga matofali mabichi.