Mume Chini ya Mwamba Mweupe

"Hatufukui wezi," alisema injinia Onema wa kampuni ya mgodi, akawaashiria wafanyakazi waweke sepetu chini.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imeporomosha kilima cha kasiterite kwenye njia ya Kailo. Jiwe hilo la bati, jeusi, zito, lilikuwa limetambaa kama mishipa ndani ya mwamba mweupe, na watu wa Kindu walijipenyeza kwenye mahandaki ya zamani kulitafuta. Aliyekamatwa nalo alifungwa. Aliyefukiwa nalo aliachwa humo humo. Sasa chini ya matope alisikika mtu akigonga, taratibu.

Zawadi alimsukuma askari wa lango, akapita, akaanguka miguuni pa Onema.

"Sitwayen Injinia, si mwizi! Ni bwana yangu, njo Bulaimu wa pampu! Mfanyakazi wako!"

Jirani yake Hawa alisimama nyuma yake, ameuma pindo la kitenge.

Onema alimgeukia Musafiri, kapita aliyesimamia zamu. "Bulaimu iko kazini leo?"

Musafiri alimtazama Zawadi, kisha Hawa. "Sikumuona akitoka," alijibu.

Hapo mambo yakabadilika. Mfanyakazi akifia chini, Chama tawala huuliza maswali, na Onema hakupenda maswali. Magogo ya kushikilia paa yakaletwa, wanaume wakaingia kwa zamu. Walikuwa wamefika mbali pale udongo ulipomwagika upya na kuwafukuza wote nje. Kugonga kukakoma.

Onema alikitazama kilima kinavyoendelea kuteleza. "Inatosha, mama. Tope litaua wengine. Pole."

"Basi nitachimba mimi." Zawadi aliokota sepetu. Hawa akaokota nyingine.

Musafiri alitukana kwa hasira, akampokonya Hawa sepetu na kurudi ndani. Watu wake wakamfuata bila kuagizwa.

Jua lilikuwa linashuka walipomvuta mtu nje, hai, amejaa tope hadi machoni. Mguu wake mmoja ulining'inia vibaya. Musafiri alimfuta mdomo apate kupumua, akamwangalia usoni kwa muda.

"Njo yeye," alithibitisha. "Njo Bulaimu."

Zawadi alimwangukia, akamfunika kichwa kwa kitenge chake, akililia jina la mumewe. Zahanati ya kampuni aliikataa. Mjomba wake anaunga mifupa, alisema. Onema, ambaye sasa hakuweza kumtazama machoni, aliwapa gari lake.

Walimlaza mkekani nyumbani kwa Zawadi, mtaa wa Mikelenge. Gari lilipoondoka, Hawa alifunga mlango kwa komeo, akaanza kumwosha uso, akimwita Sudi, akimwita mume wangu.

Bulaimu alitoka chumba cha ndani, bado anatetemeka kwa homa, akachuchumaa kando ya jirani yake.

"Ni mguu gani?" aliuliza. "Nijue wa kuchechemea."