Zima Feni Tupime

“Feni yako inanguruma kama mashine ya kusaga! Watoto wangu hawalali!” Bi Mwatime alifoka koridoni, nusu ya jengo imetoka kusikiliza.

“Basi leta mahindi tukusagie, dada,” Chausiku alimjibu, lakini macho yake yalikuwa kwa bwana mpimaji wa manispaa, aliyeelekeza mashine ya kupimia kelele kwenye bomba la hewa linalopita nyumba zao mbili.

“Sasa zima feni,” mpimaji alisema. “Nijue kelele ya feni ni ipi na ya mtaa ni ipi.”

Stoo kwake, bomba lilimopita, Chausiku alikuwa amemficha mdogo wake Shambi, anayetafutwa na askari na aliyebanwa na kifua. Ngurumo ile ndiyo iliyomsitiri. Angekataa, wangeuliza kwa nini. Akazima.

Upepo ukafa, watu wakanyamaza. Kisha ndani ya bomba kikasikika kikohozi kizito cha kiume, na mshale wa mashine ukaruka.

“Nani huyo?” mpimaji aliuliza.

Bi Mwatime akamgeukia Chausiku, ambaye jengo zima lilijua anaishi peke yake. Mdomo wa mama huyu haukuwahi kulaza siri hata usiku mmoja. Chausiku alitaka kumezwa na ardhi.

“Mume wangu huyo, kalala chumbani,” Bi Mwatime alisema. “Kifua kinamsumbua tangu juzi.”

Mpimaji hakuondoa macho kwenye bomba. Bi Mwatime akamshika mkono, akamvuta mlangoni kwake.

“Ingia, baba, wali unapoa. Nawe Chausiku, washa feni yako, uje tule.”