Sentensi Tatu za Gogo

"Kengele ya alfajiri ni mbaya. Pia ni nzuri. Nimechoka."

Hiyo ndiyo ilikuwa insha nzima ya Gogo. Mwalimu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akajifuta uso. Naye alikuwa amechoka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama mbele ya ubao akisema yale yale: utangulizi utaje msimamo wako, kila aya ibebe hoja moja na ushahidi wake, mpinzani ajibiwe kwa adabu, hitimisho lifunge mlango, lisikaribishe mgeni. Wanafunzi walinakili yote, kisha wakaandika walivyotaka wao.

Muhula huu, ghafla, walisikia. Insha thelathini na moja kuhusu kengele ya bweni, na zote zimenyooka kama mstari wa gwaride. Wala hazikufanana. Mmoja alitetea usingizi kwa hesabu ya miayo darasani, mwingine aliitetea kengele, wa tatu alimtetea mpishi. Mwalimu nusura atokwe na machozi. Kisha akafika kwa Gogo.

Jina hilo alipewa kwa haki. Alisinzia kwenye hisabati, akasinzia kwenye historia, shavu limelalia vidole vyenye madoa ya wino. Wenzake walimhurumia kupita kiasi: walimchotea maji ya kuoga, walimfulia mashati, na kiranja alimwachia kitanda cha dirishani. Mwalimu aliiona huruma ile, akajivunia darasa lake.

Lakini sheria ni sheria. Aliyepata sifuri tatu za insha hurudishwa darasa la nyuma, na hii ilikuwa ya tatu. Barua ya kumwita mama yake ilikuwa mezani, inasubiri sahihi tu. Kabla ya sahihi kulikuwa na desturi ya mwalimu huyu: aliyeshindwa husoma insha bora mbele ya wenzake, kwa sauti.

Insha bora, karatasi mbili zilizoandikwa upande mmoja, ilikuwa ya kiranja. Walimwita Profesa, naye hakuwahi kulikataa jina hilo.

"Soma polepole, mwanangu," mwalimu alisema akimkabidhi Gogo. "Sikia mwenzako anavyopanga mawazo."

Profesa akanyoosha mkono haraka, akaomba aisome yeye, kwa kuwa Gogo alikuwa na kikohozi. Mwalimu akamwambia ashushe mkono, aache majivuno.

Gogo akasoma, kope nzito. Utangulizi. Hoja ya kwanza. Hoja ya pili. Sauti haikupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma orodha ya zamu za kufagia. Hoja ya tatu. Mpinzani akajibiwa kwa adabu. Hitimisho likafunga mlango, na hakuna mgeni aliyeingia.

Mwalimu alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa kwa raha. Alipoyafumbua, hakuna aliyepiga makofi. Darasa zima lilikuwa likitazama sakafu, na Profesa kuliko wote.

Mwalimu akahema, akashika kalamu, akasogeza kikombe chake cha chai ili aitie barua sahihi.

Chini ya kikombe, ikiwa na duara la chai juu ya hoja ya tatu, ilikuwapo karatasi ya pili ya insha ya Profesa. Mkononi mwa Gogo ilikuwamo ya kwanza tu.